Kiwanda kiende wapi: jiji moja, kila mkoa na chake, au kundi la miji?

Mwaka 1965 Kenya ilitoa Waraka wa Bunge nambari 10, na katika aya ya 133 ikasema wazi jambo ambalo serikali nyingi hulifanya kimyakimya: fedha za maendeleo ziwekwe pale zitakapozaa zaidi. Penye ardhi nzuri, mvua, usafiri na umeme ndipo pangetangulia. Turkana, Wajir na Mandera hazikutajwa, wala hazikuhitaji kutajwa. Kila aliyeijua nchi alijua nani ameachwa nje.

Jirani yake alichagua kinyume. Mpango wa Pili wa Miaka Mitano wa Tanzania, 1969 hadi 1974, uliteua miji tisa ya kupokea viwanda ili Dar es Salaam isimeze kila kitu: Tanga, Arusha, Moshi, Mwanza, Mtwara, Mbeya, Morogoro, Dodoma na Tabora. Baadaye Morogoro ikapata kiwanda cha viatu kwa mkopo wa Benki ya Dunia, kiwanda kilichotarajiwa kuuza mpaka Ulaya. Jengo lilisimama, mashine zikafungwa, na uzalishaji haukukaribia hata siku moja uwezo uliokusudiwa.

Kila msimu wa bajeti ugomvi huu unarudi, bungeni na vijiweni. Mmoja anasema Dar es Salaam ndiyo inayolisha nchi, basi ipewe barabara. Mwingine anauliza kwani Katavi si Tanzania. Siku hizi ameingia msemaji wa tatu, mwenye ramani ya China mkononi, anayedai hakuna haja ya kuchagua: unganisha miji kadhaa kwa reli ya kasi, iwe kundi moja, utapata tija na usawa kwa mpigo. Hapa naziweka njia hizo tatu sambamba kwa ajili ya yeyote anayelazimika kuamua, awe diwani, mwanafunzi wa mipango miji au mpiga kura tu. Nasema mapema kwamba naegemea ya tatu, ila si kwa sababu anazozitoa yule bwana wa ramani.

Kurundika kwenye jiji moja

Asiyeelewa kwa nini msongamano unalipa aende Kariakoo saa nne asubuhi. Mfanyabiashara wa Lubumbashi au Lusaka anasafiri siku kadhaa kufika pale, akipita miji mingi yenye maduka, kwa sababu wauzaji wote wako pamoja. Akikosa bidhaa Mtaa wa Kongo, anavuka mtaa wa pili. Wa kumfungia mzigo yupo, wa kumsafirishia yupo, wa kumbadilishia fedha yupo, na kila anayeongezeka anawafaa waliomtangulia. Kiwanda nacho ni hivyohivyo: kinataka fundi anayefika leo, vipuri vinavyofika leo, na wafanyakazi wa kuchagua.

Gharama yake kila mkazi anaijua. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 5,383,728 mkoani Dar es Salaam, mmoja kati ya kila Watanzania kumi na mmoja hivi, na pamoja nao foleni, maji ya mgao na kodi ya chumba inayodaiwa miezi sita mbele. Serikali iliwahi kujaribu kuwapunguza kwa nguvu. Sheria ya Nguvu Kazi ya 1983 iliwakamata waliohesabiwa kuwa wazururaji na kuwapeleka mashambani. Wengi walirudi muda si mrefu.

Lakini tusiseme jiji halirudishi kitu. Tangu M-Pesa ianze Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, sehemu kubwa ya usawa wa mikoa kwetu inapita kwenye simu: ada ya mdogo wako, mbolea ya mama, bati za nyumba ya kijijini. Hakuna wizara iliyoupanga usawa huo. Kasoro yake ni kwamba unamfikia mwenye ndugu mjini tu, na haujengi hospitali.

Kila mkoa na chake

Katiba ya 2010 ndiyo jibu la Kenya kwa aya ile ya 133. Kaunti 47, zilizoanza kazi mwaka 2013, kwa pamoja hupewa si chini ya asilimia 15 ya mapato ya serikali kuu. Nusu asilimia nyingine ilitengwa katika Hazina ya Usawazishaji, ipeleke maji, barabara, afya na umeme kwenye maeneo yaliyosahauliwa, ingawa fedha za hazina hiyo zimekuwa zikisuasua. Mji wa Wajir ulikanyaga lami yake ya kwanza baada ya ugatuzi, nusu karne baada ya uhuru. Aliyewahi kuipita njia hiyo wakati wa mvua hatauliza kama fedha ile ilikuwa na tija.

Hapo sina ubishi. Ubishi unaanza pale kiwanda kinapogawiwa kama zahanati. Zahanati inamfuata mgonjwa alipo, kwa hiyo ni haki iwepo kila kata. Kiwanda kinamfuata muuza malighafi, fundi na mnunuzi, na hao hawagawanyiki kwa idadi ya mikoa. Kile cha viatu hakikushindwa kwa sababu Morogoro ni pabaya. Jengo halikufaa joto la pale, na mashine ikiharibika vipuri viko ng'ambo. Hakikuwa na majirani wa kukisaidia. Sasa Kenya inataka eneo la viwanda na la kukusanyia mazao katika kila kaunti, zote 47. Baadhi yatafaulu, hasa yale ya mazao yanayooza njiani. Mengine nayatazama nikikumbuka viatu.

Kundi la miji

China imepita njia zote mbili kabla ya kufika kwenye hii. Kiongozi wake Deng Xiaoping aliruhusu baadhi ya maeneo yatangulie kutajirika, na Shenzhen ikafanywa eneo maalumu la kiuchumi mwaka 1980. Pwani ikakimbia, bara ikabaki nyuma, na ilipofika mwaka 2000 serikali ilikuwa inamwaga fedha kuendeleza mikoa ya magharibi. Mpango wa miaka mitano wa 2016 hadi 2020 ukataja makundi 19 ya miji. Hoja yake ni kwamba tija inatokana na ukaribu, lakini ukaribu si lazima uwe ndani ya mpaka wa jiji moja. Miji kumi iliyo saa moja moja kutoka kwa mwenzake inaweza kugawana kazi kama mitaa ya jiji moja, na ardhi inapopanda bei katikati, kazi humiminikia pembeni.

Inavutia kwenye karatasi. Lakini makundi makubwa matatu ya China hayajafanana hata kidogo kwa matokeo, na tofauti hizo zinafundisha kuliko ramani.

Anza na delta ya mto Zhujiang, ambayo wafanyabiashara wetu wanaifahamu kuliko maprofesa. Unalala Guangzhou, vigae na samani unavifuata Foshan, taa unazifuata Zhongshan, simu na vifaa vyake Shenzhen. Hiyo safari ndiyo kundi la miji lenyewe: kila mji una kazi yake, na hakuna ulio bweni la mwenzake. Shenzhen ilipojaa, Huawei ilihamishia maelfu ya wahandisi wake Dongguan, mwaka 2018, na Shenzhen haikufa. Pamoja na Hong Kong na Macau, eneo hilo lina watu kama milioni 86 juu ya kilomita za mraba 56,000. Mkoa wa Morogoro peke yake ni mkubwa kuliko hapo.

Kwa tija, hakuna wa kuishinda. Kwa usawa, toka nje ya delta uone. Miji tisa ya delta iliyo ndani ya mkoa wa Guangdong ina asilimia 62 ya watu wa mkoa huo na inazalisha karibu asilimia 80 ya pato lake. Ukipiga hesabu, mtu wa ndani ya delta anazalisha karibu mara mbili na nusu ya mtu wa nje, na wote wako mkoa mmoja chini ya serikali moja. Mwaka 2008 mkoa ulijaribu kuvisukuma viwanda vya zamani kwenda wilaya maskini, sera ambayo Wachina waliifananisha na kuondoa ndege kwenye tundu ili kuingiza wengine. Ndege wengi walipendelea kuruka hadi tundu la jirani tu.

Kilichonivutia zaidi ni jaribio dogo. Mwaka 2011 Shenzhen iliungana na Shanwei, jirani maskini wa mashariki, kuanzisha eneo la pamoja la viwanda kwenye ardhi ya Shanwei. Utawala wa pamoja ulileta mivutano, na mwaka 2018 Shenzhen ikakabidhiwa uendeshaji wote. Somo nililolipata hapo ni la uchungu kidogo: mwenye fedha hujenga haraka akiwa na usukani wote, na mwenye ardhi hubaki akijiuliza ameuza au amekodisha.

Delta ya Yangtze, yaani Shanghai na mikoa ya Jiangsu, Zhejiang na Anhui, ina watu takriban milioni 235, karibu mara nne ya Watanzania wote wa sensa ya 2022. Kundi hili halikuanza na reli. Miaka ya 1980, wahandisi wa viwanda vya serikali vya Shanghai walikuwa wakitoroka Jumapili kwenda vijiji vya Jiangsu kuwatengenezea watu mashine kwa malipo ya pembeni. Waliitwa wahandisi wa Jumapili. Ujuzi ulitangulia, viwanda vidogo vikaota, na treni ikaja kukuta kazi zipo. Mwaka 2013, laini namba 11 ya metro ya Shanghai ilipovuka mpaka kuingia Kunshan, iliunganisha miji miwili yenye ajira, na si chumba cha kulala na ofisi.

Anhui ilikuwa maskini wa familia hiyo, ikijulikana kwa kupeleka wafanyakazi wa ndani na vibarua kwa wenzake. Mji wake mkuu, Hefei, haukusubiri kumwagikiwa. Mwaka 2008 serikali ya mji iliweka fedha nyingi katika kiwanda cha vioo vya skrini cha BOE, na mwaka 2020 ikaiokoa kampuni ya magari ya umeme ya NIO iliyokuwa taabani. Ni kamari, tusiipambe. Mji mwingine ukiiga bila wataalamu wa kuchambua kampuni utaishia na jengo tupu. Lakini Hefei ilikuwa na chuo kikuu cha sayansi cha daraja la juu tangu 1970, na ilikuwa karibu vya kutosha na Shanghai kupata wauzaji wa vipuri.

Halafu kuna mto Xin'an, mfano ambao ningependa kila halmashauri yetu iusome. Mto huu unatoka Anhui na kuingia ziwa Qiandao la Zhejiang tajiri. Kuanzia mwaka 2012 mikoa hiyo miwili iliwekeana dau. Maji yakifika mpakani yakiwa safi kwa kipimo walichokubaliana, Zhejiang ingeilipa Anhui yuan milioni 100 kwa mwaka. Yakiwa machafu, Anhui ndiyo ingelipa. Serikali kuu nayo iliongeza fungu lake. Huo ni usawa wa mikoa usio na hotuba: aliye juu ya mto analipwa kwa kutochafua, na aliye chini anajua amelipia nini.

Kundi la tatu ni Beijing, Tianjin na mkoa wa Hebei unaoizunguka miji hiyo miwili. Hapa amri ilitangulia kuliko soko. Kwa miaka mingi Hebei ilitoa maji, chuma na vibarua, huku vijana wake bora wakimezwa na mji mkuu. Mwaka 2005 ripoti ya Benki ya Maendeleo ya Asia ilizungumzia ukanda wa umaskini kuizunguka Beijing. Treni ya kasi ya Beijing na Tianjin ilianza mwaka 2008, mwendo wa nusu saa hivi, na ufyonzaji haukukoma, kwa kuwa wizara, hospitali kubwa na vyuo bora vyote vilibaki kulekule. Beijing ikaanza kuhamisha ilichokichoka. Kiwanda cha chuma cha Shougang kilimaliza kuhamia pwani ya Hebei mwaka 2010. Soko la jumla la nguo lililokuwa karibu na bustani ya wanyama lilifungwa mwaka 2017, wauzaji wakaelekezwa miji ya Hebei na Tianjin. Hebu fikiria Kariakoo iamriwe kuhamia Chalinze. Meza zitahama, lakini mteja wa Lubumbashi hahamishwi kwa barua.

Mwaka huohuo, Aprili, ukatangazwa mji mpya wa Xiong'an, kama kilomita 100 kusini mwa Beijing, upokee mashirika ya serikali na vyuo. Hukumu yake bado, ila angalau safari hii kinachohamishwa ni chenye thamani, siyo moshi na meza za soko.

Kuna jambo moja linalokata makundi yote matatu, na bwana wa ramani halitaji. Tangu 1958 Mchina ana hukou, uandikishaji wa kaya unaomfunga na alikozaliwa. Kwa mbali unakumbusha kipande cha enzi za ukoloni. Anaweza kwenda Shanghai kufanya kazi, lakini shule ya mtoto na huduma nyingine hazimfuati kirahisi. Wahamaji wa kazi wanakaribia milioni 300. Kwa hiyo tija ya delta ilipatikana kwa sehemu kwa kumtumia mtu bila kumlipia mtoto wake, na gharama ya kumlea na kumsomesha ikaachiwa mkoa maskini alikotoka. Mtanzania wa Kigoma akihamia Mbagala, mwanawe anaandikishwa shule ya Mbagala. Darasa litakuwa limejaa mpaka dirishani, lakini ataandikishwa. Tukiiga makundi ya miji ya China, hapo tayari tumewazidi, na tusije tukapoteza.

Sasa uchague nini

Kama unaamua kuhusu shule, maji, afya na barabara za vijijini, usihangaike na makundi. Gawa kwa watu na kwa uhitaji, kama Kenya inavyojaribu. Katavi na Turkana haziko kwenye kundi lolote la miji na hazitakuwepo karibuni. Atakayewaambia wasubiri faida imwagike kutoka mjini anawaambia tena ile aya ya 133.

Kama unaamua kuhusu viwanda, bandari kavu na vyuo vya ufundi, kundi la miji linashinda jiji moja na linashinda kutawanya, lakini kwa masharti. La kwanza ni kwamba mji wa pembeni uwe na kazi yake kabla ya treni, au angalau pamoja na treni. Kenya ina mfano ulio wazi kando ya barabara ya Thika, iliyokamilika mwaka 2012. Thika ilikuwa na viwanda vyake toka zamani, na barabara ikavisaidia. Ruiru iligeuka kwa kiasi kikubwa kuwa bweni la Nairobi: alfajiri matatu zinaondoka zimejaa, jioni zinarudi zimejaa, na anayefaidi zaidi ni mwenye ploti ya kupangisha. Si dhambi kuwa bweni, ila usikuite huko kusawazisha.

Tanzania swali hilo liko mezani sasa hivi. Treni ya umeme ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro mwezi Juni 2024, na mwishoni mwa Julai ikafika Dodoma, safari isiyofika saa nne. Mstari Dar, Kibaha, Morogoro, Dodoma una mwanzo wa kundi: bandari upande mmoja, makao makuu ya serikali upande mwingine, bandari kavu ya Kwala njiani, chuo kikuu cha kilimo Morogoro. Dodoma ina bahati ambayo Hebei iliikosa kwa miaka: wizara zenyewe zilihamia. Ninayeihofia ni Morogoro. Kwa kuwa sasa unaweza kwenda Dar asubuhi, ukanunua, ukatibiwa, ukarudi jioni, mwenye duka la jumla na daktari bingwa wa Morogoro wamepata mshindani waliyekuwa wametengwa naye na saa kadhaa za basi. Ningeweka fedha kwenye usindikaji wa mazao na mafunzo ya ufundi pale kabla ya kuweka kituo kingine cha kupendeza.

Sharti la pili ni malipo ya kinachochukuliwa. Mto Ruvu unaanzia milima ya Uluguru, Morogoro, na maji yake yananywewa Dar es Salaam. Bwawa la Ndakaini liko Murang'a na linainywesha Nairobi. Viongozi wa Murang'a wamewahi kudai mgao wa mapato ya maji hayo, wakaonekana wachokozi. Kwa hesabu ya mto Xin'an, hawakuwa wachokozi. Mkulima wa Uluguru anayeambiwa asilime kandokando ya kijito anailipia Dar es Salaam kila msimu, bila risiti.

Sharti la tatu ni kodi, na hapa ndipo mikutano mingi ya uwekezaji huwa imeshafika kwenye chai. Uwanja ukigawiwa Kwala kwa kiwanda ambacho ofisi yake kuu iko Posta, katikati ya Dar es Salaam, muulize mwekezaji na mwanasheria wa halmashauri, kabla hamjapiga picha ya pamoja: ushuru wa huduma utalipwa halmashauri ipi, kwa kiasi gani, na imeandikwa ukurasa wa ngapi?